Kinga ya Mashini ya Baba

Kompyuta ya baba ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha linalotazama barabara ya mawe meusi ya mtaa wetu wa Mabanga. Aliinunua ikiwa imeshatumika, akaileta kutoka Bunagana juu ya lori la maharage, imefungwa ndani ya blanketi lake mwenyewe. Mama hupenda kusimulia kwamba siku hiyo mume wake alishuka kwenye lori akitetemeka kwa baridi huku kompyuta ikiwa na joto. Nyumbani hakuna aliyeiita kompyuta. Tuliiita mashini, kama watu wengi wa Goma, na majirani walimwita baba "mwenye mashini".

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya saa za shule alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Alikuwa na kinasa sauti kidogo ambacho alikiweka juu ya kiti kila siku ya mazoezi. Akirudi nyumbani alihamishia kila kitu kwenye mashini bila kukata hata kikohozi. Ndiyo maana ukifungua faili lolote kati ya yale unasikia wimbo ukianza, ukijikwaa, ukikatika, kisha sauti yake: "Bamama ba soprano, munakimbia wapi? Mvua haijanyesha!" Wimbo unaanza upya. "Besi! Besi munalala. Munangoja siku ya kufufuka ndiyo muimbe?" Kicheko. Kiti kinasogezwa. Wimbo tena.

Alipofariki, kwa ugonjwa wa figo, nyimbo nyingi hazikuwa zimeandikwa popote. Kiongozi mpya wa kwaya alijua sauti ya tenori, ile aliyoimba mwenyewe. Sauti nyingine zilikuwa ndani ya mashini. Basi wanakwaya wakaanza kuja nyumbani na flashi zao kuchukua mazoezi ya zamani. Walikuja Jumamosi, nguo zikiwa zimekwisha kufuliwa na kutandazwa juu ya mawe, kabla ya sala ya jioni. Huyu alitafuta wimbo wa Majilio, yule wa harusi, mwingine alisema hajui anatafuta nini, tufungue tu asikilize. Kunakili kulichukua muda mfupi. Chai ya tangawizi ya mama ilichukua alasiri nzima.

Lazima nieleze jambo hili mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yanatokana nalo. Sisi tumetoka Butembo, lakini Mabanga desturi ya matanga ni ya wote. Mtu akifa, uwanja unajaa. Watu wanalala chini kwenye mikeka, wanapika kwa sufuria za kuazima, wanagombania kuchota maji. Kisha matanga yanaondolewa, kila mtu anakunja mkeka wake, na asubuhi inayofuata mjane anafagia uwanja peke yake. Wajane wa aina hiyo nimewaona mtaani kwetu, wamekaa mlangoni wakitazama barabara. Mama naye aliwaona. Siku moja tukichagua mchele aliniambia, bila kuinua macho kwenye ungo: "Baba yako nimeshamulilia. Kile minaogopa ni siku batu batamaliza kunihurumia."

Jumamosi za flashi ndizo zilizoizuia siku hiyo isifike. Nilijua hivyo, na kaka yangu mkubwa, anayeuza simu kule sokoni Birere, alijua pia.

Flashi ya Mabanga, hata hivyo, ni kitu kinachotembea sana. Asubuhi iko kwenye duka la fotokopi, mchana kwa mtu anayepakia sinema, jioni kwa fundi wa simu, na kesho yake imeazimwa na shemeji. Kila mashini inayoipitia, inaondoka na virusi yake. Wote wanalijua hilo, na hakuna anayelisema. Kumuuliza mgeni flashi yake imetoka wapi ni kama kumuuliza kama ameoga, tena kwenye nyumba ya marehemu, ambako mtu aliyekuja haulizwi kitu.

Jumamosi moja mafolda ya baba yalifunguka kuwa matupu. Majina yalikuwepo, kila moja na kishale kidogo kwenye kona, lakini ukibofya unapata ukuta mweupe. Wamama wawili wa alto walikuwa wamekaa na flashi mkononi. Kaka alijaribu hiki na kile, akazima, akawasha. Mama alileta chai, ikanywewa haraka. Mmoja wa wale wamama akasema mtoto wake ana homa, mwingine akakumbuka maharage aliyoyaacha jikoni. Jua lilikuwa bado juu walipoondoka. Mama alisimama mlangoni akiwasindikiza kwa macho hadi kwenye kona, kisha akarudi kuokota vikombe.

Fundi tuliyemwita alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye mfuko uliojaa waya. Alisema mafaili hayajafa. Virusi imeyaficha na kuweka picha za uongo mahali pake. Alishinda nayo siku nzima. Mengi yalirudi. Machache yalifunguka yakiwa kelele tupu, kama mvua juu ya bati, na hayo hakuweza kuyaponya.

"Mukiendelea hivi," alisema akifunga mfuko, "mara ingine munaweza kukuta hakuna hata kelele. Mutafute antivirusi ya kweli."

Mimi hutangaza habari katika redio ya mjini, na nimezoea kuuliza watu kadhaa kabla ya kuamini mmoja. Nilianza na kaka. Yeye alikuwa na jibu tayari: ile inayowekwa na mafundi wa Birere, ya makampuni makubwa, iliyofunguliwa kwa ufunguo wa kuiba. Hailipiwi, kila mtu anayo.

"Kila mutu iko nayo, na kila mutu iko na virusi," nilimwambia.

"Weye mutu wa redio unapenda maneno. Mutu mwenye mwavuli uliotoboka si anashinda mutu asiye na mwavuli?"

Fundi aliposikia alitikisa kichwa. Alisema mara nyingi ufunguo wenyewe ndio unaoingiza ugonjwa, na kwamba amewahi kusafisha mashini ambazo zilikuwa nzima kabla ya kukingwa namna hiyo. Kuhusu kinga ya bure iliyokuja na mashini, alisema ingefaa kama mashini ingekuwa changa. Mfumo wake ulikuwa umezeeka, watengenezaji hawakuutunza tena, na kinga ile ilihitaji kulishwa mtandao kila siku, wakati sisi mega za intaneti tunazihesabu moja moja na umeme unakuja unapotaka.

Mwenzangu wa studio alicheka nilipomweleza. Kwao, yaani kwenye chumba cha kuhariri, walimaliza tatizo kwa kuziba matundu yote ya flashi kwa gundi. Jioni nilimpelekea mama habari hiyo kama kichekesho.

"Gundi!" alisema. "Basi muzibe na mulango. Munizibe na miye, nikae ndani kama kopo ya samaki."

Ilibaki ya kulipia. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi benki zilikuwa zimefungwa, na kadi ya kaka ilikuwa kipande cha plastiki tu. Hapo ndipo mambo ya mashini yetu yalipovuka mpaka: kaka alikwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kununua simu zake, akarudi na boksi dogo la antivirusi lenye namba ya siri ndani. Fundi akaja kuiweka. Mama alivuta kiti akakaa nyuma yetu, akiwa na andazi mkononi ambalo hakulila.

"Hiyo dawa," aliuliza, "batu batakuta nini wakifika kwenye mulango?"

"Hawatakuta kitu, mama," fundi akajibu. "Inapima flashi peke yake. Ikiona bugonjwa, inafuta."

"Inamujua mwenyeji na mugeni?"

"Ah, mama. Hiyo haimujui mutu."

Kulikuwa na swali moja la mwisho kwenye kioo. Je, ikikuta virusi, iulize kwanza au ifute bila kuuliza? Maswali yake yalikuja kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo. Mimi na kaka tulikuwa kazini siku nyingi, na mama Kifaransa chake ni cha sokoni. Tukakubaliana sisi watatu, pamoja na fundi, kwamba ni afadhali ifute bila kumsumbua. Hakuna aliyeona tatizo. Kaka alibofya, dirisha likageuka kijani, na mama akasema asante, akatupa chai.

Jumamosi iliyofuata mgeni wa kwanza alikuwa mzee wa besi.

Huyu alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao Butembo. Yeye ndiye aliyekuwa akitukanwa kwenye mafaili yale, na alipenda kusikia anavyotukanwa. Alikuwa anakuja na kofia yake ya sufu, anakaa kwenye kiti cha karibu na mashini, anaagiza kama mtu aliye hotelini: "Mama, mutufungulie pale mwalimu ananiita maiti." Mama anafungua. Baba ananguruma kutoka ndani ya mashini kwamba besi ni maiti. Mzee wa besi anajipiga goti. "Sikia! Amekufa yeye, maiti ni miye!" Wageni wanacheka, mama anacheka kwa kuziba mdomo kwa kanga, na nadhani kicheko hicho kilimfaa kuliko chakula.

Siku hiyo sebule ilikuwa na watu wengi, wa soprano na wa tenori, na Mkristo mmoja mgeni aliyehamia parokia yetu kutoka Rutshuru. Mzee wa besi alitoa flashi yake mfukoni, imefungwa kwa uzi mwekundu. Alikuwa na kikundi kidogo cha waimbaji upande wa Mugunga aliowafundisha siku za Jumapili, na nyimbo zao zote zilikuwa humo. Aliichomeka mwenyewe, kama kawaida yake.

Mashini ikalia kama gari la wagonjwa. Dirisha jekundu likafunika kioo chote, na sauti ya mwanamke, safi kabisa, ikatangaza kwa Kifaransa kwamba tishio limepatikana. Kisha ikatangaza tena. Kila tishio lilikuwa na mlio wake, na yalikuwa mengi. Kaka alirukia kipaza sauti kukipunguza, akakosea, akakiongeza.

Milio ilipokwisha, kaka alifungua flashi ya mzee. Ilikuwa tupu.

Mzee wa besi akacheka, peke yake.

"Kwa hiyo ni miye naleta bugonjwa kwa nyumba ya mwalimu."

"Hapana, papa," kaka akasema. "Ni flashi. Flashi zote ziko vile."

"Lakini yangu ndiyo imelia."

Mtu mmoja kwenye kundi la tenori akasema kwa utani: "Muzee, siku hizi inabidi kunawa mikono kwanza!" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutaka kupita. Sisi sote tuliishi Goma siku zile za Ebola, za ndoo za klorini kwenye kila mlango, za mtu kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso kabla ya kuingia kanisani, za majirani kutazamana wakikohoa. Mzee wa besi alivua kofia yake, akainamisha kichwa mbele ya mashini, paji la uso likielekea kioo.

"Basi munipime na joto."

Mama alitoka jikoni na birika mkononi.

"Muzee wangu, ukae. Chai iko tayari."

"Haina shida, mama. Haina shida kabisa. Ningekaa, lakini Mugunga ni mbali." Alichomoa flashi, akaufunga uzi vizuri, akaiweka mfukoni. Aliaga kila mtu kwa mkono, na kwa mama akainama. Nilimtazama dirishani akipita juu ya mawe kwa uangalifu, kofia ikiwa bado mkononi.

Waliobaki walikunywa chai. Flashi zao hazikutoka mifukoni. Mmoja alisema ameisahau nyumbani, mwingine akasema alikuja kusalimia tu. Mgeni wa Rutshuru, ambaye hakuwa na flashi, ndiye pekee aliyeomba kikombe cha pili.

Jumatatu mama alisema tuiondoe ile antivirusi. Kaka alipinga, alisema nyimbo zitaharibika, alisema tumehangaika hadi Gisenyi. Mama hakubishana naye. Alimwuliza tu: "Nyimbo, unazichungia nani?" Fundi akaja akaiondoa kinga yote, hata ile ya bure. Ndiye pia aliyetueleza kwamba flashi ya mzee haikuwa tupu. Antivirusi ilifuta zile picha za uongo. Mafaili yenyewe yalikuwa bado humo, yamefichwa, na kuyafichua ni kazi ndogo. Alituma ujumbe kwa mzee wa besi ampelekee flashi, akamrudishia nyimbo zake zote, na hakutaka malipo. Kwa upande wa flashi, hakuna aliyepoteza kitu.

Mimi na mama tulikwenda kumwomba radhi mzee wa besi, na sukari na sabuni kwenye kikapu, kama inavyopaswa. Alitupokea vizuri mno. Alituita wanangu, akaagiza soda, akasimulia namna yeye na baba walivyofukuzwa kwenye kwaya ya kwanza kwa kucheka wakati wa misa. Mama alimwambia mashini sasa haina kitu, haitalia tena, aje siku ya posho, Jumamosi, kama zamani.

"Nitakuya, mama. Lakini musiogope, batoto bamenionyesha njia ingine."

Alitoa simu. Kijana wa tenori alikuwa amehamishia mazoezi ya baba kwenye simu yake siku za nyuma, na sasa baada ya misa wanakwaya walisimama kwenye uwanja wa kanisa, simu na simu, wakitumiana bila waya wala flashi. Mzee alifungua wimbo mmoja atuonyeshe. Sauti ya baba ikatoka kwenye kiganja chake, nyembamba, ikilalamika kuhusu mvua. "Hata sihitaji kuwasumbua tena," alisema, na alisema kwa furaha ya mtu anayekutua mzigo.

Mama alisifu simu. Alisema ni nzuri, ina sauti safi.

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Bamefanya muzuri. Batu bazee kutembea na ile mawe si muzuri." Nilimtazama. Alikuwa akitazama mawe.

Mzee wa besi alitimiza ahadi. Alikuja Jumamosi moja, mchana, amevaa koti la Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha upande wa pili, mbali na mashini, mikono juu ya magoti. Alimuuliza mama habari za afya, akauliza habari za kazi yangu, akatoa pole upya kwa ajili ya baba, kwa maneno yale yale ya siku ya mazishi. Alikunywa chai kikombe kimoja. Mama alijaribu: "Tufungue kidogo, tumusikie akikutukana?" Mzee alitabasamu. "Aa, mama, tumuache apumzike." Alipoondoka mama alimsindikiza hadi kwenye kona, akarudi polepole.

"Alikuwa na adabu," nilimwambia.

"Ndiyo. Alikuya kama mugeni." Alikusanya vikombe viwili. "Mutu mwenye kuhitaji kitu anarudi. Mutu mwenye kukupa pole anakupa, anaenda."

Wamama wa alto walikuja mara moja baada ya hapo, kisha wakawa wanapunga mkono kutoka barabarani, wakiwa na haraka ya kweli, kwa sababu maisha ya mji yamekuwa magumu na kila mtu anakimbilia mahali. Siwalaumu. Simu zao zilikuwa na kila kitu, na flashi haikuchomekwa tena kwenye mashini yetu. Kwa muda fulani mama aliendelea kuchemsha birika kubwa siku ya Jumamosi. Baadaye akatumia dogo.

Wiki chache zilizopita, umeme uliporudi baada ya kukatika siku nyingi, nilimwita fundi aangalie mashini, kwa sababu tangu aondoe kinga haikuwa imechunguzwa. Nilitaka nijue hali ya mafaili ya baba. Fundi alikaa nayo kwa utulivu, akiunganisha hiki na kile, huku mama amekaa kwenye kiti cha nyuma kama mara ile, akimenya vitunguu. Kupima kulikwenda mpaka mwisho bila mlio wowote.

Fundi akageuka, uso umefunguka.

"Mama, hongera. Sijaona mashini ya namna hii hapa Mabanga. Bila antivirusi, na haina hata virusi moja! Munaichunga muzuri."

Mama aliacha kumenya. Alitazama kioo, kisha akanitazama mimi, kisha mlango uliokuwa wazi na barabara iliyo nje.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi uizime, baba," akasema. "Inakula umeme bure."